Nilivyomponza Mzee Pak wa Shard End kwa neno moja tu: kufuga

Wakuu, heshima zenu.

Juzi kuna mtu alianzisha uzi humu kuhusu Wakorea na nyama ya mbwa. Watu mkacheka, mkajaza vikatuni vya kutapika. Nilisoma kurasa zote nne, nikanyamaza. Leo nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa mnafiki, maana jambo hilo liliwahi kunikuta, na mkosaji nilikuwa mimi.

Wale wa kusema "hii chai", sukari yenu iwekeni pembeni. Mtu hatungi stori ambayo yeye ndiye mpumbavu.

Twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 2000, nipo Birmingham, Uingereza. Viza yangu ya mwanafunzi, chuo chenyewe cha kuungaunga. Nilipanga chumba kwa Mama Neema, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyefika kama mkimbizi akapewa nyumba ya council, yaani ya halmashauri, kule Shard End, mwisho kabisa wa mji upande wa mashariki. Nyumba zinafanana zote, ukilewa unaweza kufungua geti la mtu mwingine.

Jirani yetu wa kulia alikuwa Mzee Pak, Mkorea. Alikuja Uingereza zamani kwa kazi za meli, akaoa nesi wa Kiingereza, mke akafariki, akabaki na nyumba na maua ya marehemu. Hakuwa na mtoto. Mama Neema kwa miezi miwili alimwita Mzee Paka, na mzee akawa anaitika tu.

Huyu mzee ndiye aliyenipa kazi. Alikuwa anang'arisha pete kwenye karakana ndogo kule Hockley, akaniombea kwa bosi niwe nafagia na kupeleka vifurushi. Asubuhi tunapanda basi pamoja, tunakaa siti moja. Kwa mtu aliyekuwa hana hela ya nauli, huyo ni mzazi.

Jirani wa upande wa pili wa Mzee Pak alikuwa mama mmoja mzungu, nitamwita Sheila. Sheila alikuwa na mbwa jike, rangi ya njano kama mandazi, anaitwa Biscuit. Mume alishamkimbia, watoto wameondoka. Mbwa ndiye aliyekuwa familia yake.

Sasa kila jioni Mzee Pak akitoka kazini anachemsha mifupa, anaweka kwenye bakuli la bati, anaenda kwenye uzio. Anagonga bakuli kwa kijiko, taratibu, ko ko ko, halafu anaita kwa sauti ya chini: "Nurongi." Biscuit anatoka mbio anapitisha pua kwenye uwazi wa mbao.

Siku moja kwenye basi nikamuuliza, Nurongi ndiyo nini?

Mzee hakuwa muongeaji. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande kama changu. Lakini siku hiyo aliongea kutoka Shard End mpaka mjini.

Akasema Nurongi siyo jina. Ni "wa njano" tu, kama sisi tunavyosema yule ng'ombe mwekundu. Kwao kijijini, alipokuwa mdogo, kulikuwa na mbwa hao wa asili, wa njano, kila nyumba. Hawakuwa wa kuchezea. Walikuwa mifugo. Wanakula makombo, wanabweka wezi, na kiangazi kikikolea wanauzwa au wanapikwa supu. Ndiyo maana hawapewi jina, kwa sababu ukishampa jina utashindwa kumuuza.

Niwe mkweli, nilishtuka. Mimi ni mtu wa Singida, mbwa kwetu ni mlinzi wa zizi, na kumla hata kwenye ndoto hapana. Lakini nilipofikiri, hata sisi tuna mbuzi tunamlisha kwa mkono, mtoto analala naye, halafu sikukuu inafika. Nikatulia nikasikiliza.

Mzee akaendelea. Alipokuwa na miaka kumi baba yake alimpa mtoto wa mbwa amlishe. Akawa anamwita kwa kijiko na bakuli. Kiangazi mnunuzi akapita na baiskeli na kizimba nyuma. Mbwa, sijui alijuaje, akaingia uvunguni mwa nyumba, hatoki. Baba kaita, mama kaita, mnunuzi kachokonoa kwa fimbo, wapi.

Baba akampa yeye bakuli na kijiko.

Akagonga mara tatu. Mbwa akatoka anatikisa mkia.

Hela ile ilimlipia shule. Akasema toka siku ile hajawahi kula mbwa na hajawahi kumiliki mbwa. Huyu wa Sheila anamlisha tu kwa sababu ana mwenyewe, hakuna wa kuja kumchukua. Alipomaliza akageukia dirishani.

Ishikeni hiyo stori vizuri, kwa sababu mimi niliisimulia nusu. Na nusu niliyoisimulia ndiyo iliyoleta balaa.

Mwezi wa saba, Jumamosi asubuhi, Sheila akagonga kwa Mama Neema. Macho mekundu, mkononi picha ya Biscuit. Mbwa ameondoka toka Ijumaa, geti lilikuwa wazi. Mlango nilifungua mimi.

Wakuu, mnajua ule ugonjwa wetu wa kutaka kuonekana msaada. Ningesema "sijamuona, pole sana" nikafunga mlango, leo nisingekuwa na uzi. Mimi nikaona nimpe na ushauri. Nikamwambia amuulize Mzee Pak, yule ni mtu wa mbwa.

Kichwani nilikuwa na Kiswahili: kwao wanafuga mbwa. Mdomoni kikatoka hiki, nakinukuu kama kilivyo:

"Mr Pak, he is rearing dogs. Yellow ones, like yours. From long time."

Sheila akanitazama. Akauliza, "Rearing? Rearing for what?"

Na mimi, mtoto wa mfugaji, nikajibu swali kama lilivyoulizwa. "For meat. In his country."

Nilikuwa napumua niendelee na kijiko, na baiskeli, na kwamba mzee hali mbwa. Sheila alikuwa ameshafika getini kwake. Nikajua ameenda kumtafuta mbwa, nikarudi kumalizia chai yangu.

Ilipofika saa saba mchana nikasikia sauti nje. Nachungulia juu dirishani, kuna watu watano kwenye geti la Mzee Pak. Baadaye wakawa kumi na mbili. Mwanaume mmoja mnene ana jezi anapiga mlango kwa ngumi. Mwingine anaruka ruka kuona bustani ya nyuma. Sheila amekaa kwenye ukingo wa barabara, kuna mwanamke kamshika mabega.

Mzee hakufungua. Pazia lake lilisogea mara moja likarudi.

Nikasikia neno moja likirudiwa: "Farm." Kwamba ana farm ya mbwa humo ndani. Mimi nilisema anafuga, wao wamepata shamba.

Hapo nikajua neno limetoka kwangu. Na sikushuka, wakuu. Nitawaambia na sababu, mnihukumu vizuri. Pasipoti yangu ilikuwa imetumwa kuongezewa viza. Mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi masaa machache kwa wiki, mimi kwa yule bosi wa Hockley nilikuwa napiga karibu mara mbili yake. Na polisi walikuwa wameshaitwa. Nilijiona nashuka kuongea, naulizwa jina, naulizwa kazi, wiki ijayo nipo Kilimanjaro Airport na begi moja.

Nikakaa nyuma ya pazia. Hiyo aibu ninayo mpaka leo.

Polisi walikuja wawili, mwanamke na mwanaume. Mzee akawafungulia. Wakaingia, wakatazama bustani, kibanda, nasikia mpaka friji. Wakatoka wakasema hakuna kitu, tawanyikeni. Watu wakatawanyika kama nusu saa, wakarudi. Maana kwa mwenye hasira kukosekana kwa mbwa ndiyo ushahidi kwamba ameshaliwa.

Jumapili asubuhi mlango wa Mzee Pak ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu. Sitaandika neno lenyewe hapa. Maua ya marehemu mke wake yalikuwa yamekanyagwa yote.

Mama Neema akanikuta jikoni. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, mkono kiunoni.

"Batu banasema ni mutu wa hapa kwangu alitoa ile neno. Ni weye?"

Nikajaribu kuzunguka. Nikasema lugha, nikasema walinielewa vibaya.

"Mi sikuulize lugha. Ni weye ao hapana?"

Nikasema ni mimi.

Akavuta kiti akakaa. Akaongea polepole, na bora angefoka. "Sikiliza, kijana yangu. Kule kwetu batu balikufa juu ya maneno ya namna hii. Mutu moja anasema 'ule jirani iko hivi', kesho nyumba inawaka. Mi nilitembea na mutoto mugongoni juu ya neno ya mutu. Donc, weye ulilitoa, weye utalirudisha. Hapana mi, hapana polisi."

Tukaenda kanisani Handsworth, tulikokuwa tunasali Waswahili wote, Wakenya na Wakongo na sisi Wabongo wachache. Basi la kwenda huko siku hiyo niliona linaenda haraka kupita kiasi.

Baada ya ibada nikamvuta pembeni dada mmoja Mkenya, nesi, anaitwa Nyambura. Kiingereza alikuwa nacho. Nikamweleza nilichosema, neno kwa neno. Akaanza kucheka, halafu akaacha.

"Aki wewe, ulimwambia rearing? Hawa watu hawa-rear dog. Wana-keep dog. Rear ni ya ng'ombe, ya nguruwe, ya kitu utakula. Hata mimi first year yangu kwa ward nilisema at home we rear a dog called Simba, vile tulikuwa tunaandika kwa composition. Walicheka mpaka jioni." Akanitazama. "Lakini mimi sikuongeza for meat."

Halafu akaniongezea kidonda. "Na tena ulisema he is. Si he was, si they used to. He is. Sasa hivi. Huyo mama alisikia uko na jirani anachinja."

Wakuu, hebu fikirini. Kiswahili kimetupa neno moja tu. Unafuga kuku, unafuga ng'ombe, unafuga mbwa, unafuga paka, hata ndevu unafuga. Wa kumla na wa kumbembeleza wote ni wa kufuga. Mimi nilipita nalo mpaka kwenye lugha ambayo imewatenganisha hao wawili, sikujua kuna mpaka.

Nilirudi Shard End alasiri nimeamua. Nikapita nyuma, nikaruka uzio wa Mama Neema, nikagonga mlango wa jikoni wa mzee.

Alifungua kidogo, akanitazama, akaniachia niingie. Mapazia yote yamefungwa. Sufuria ya mifupa ipo kwenye jiko, imepoa, mafuta yameganda juu. Bakuli la bati lipo mezani na kijiko ndani.

Nitasema na hili kwa sababu niliahidi ukweli. Niliiangalia ile sufuria mara mbili. Sekunde moja tu, lakini niliiangalia, na mzee aliniona.

Akasema kwa Kiingereza chake, "Nguruwe. Polisi pia waliangalia."

Nikamwambia ni mimi niliyesema. Nikamweleza yote, neno la rear, kwamba sikumaliza stori. Akasema kitu nitakachokufa nacho.

"Stori ile sikuwahi kumwambia hata mke wangu."

Nililia, sioni aibu kuandika. Nikaomba msamaha kwa Kiingereza, nikaomba kwa Kiswahili, nikapiga magoti kwenye ile sakafu. Hakusema amesamehe. Alisema niinuke, sakafu ni chafu.

Nikakaa. Na pale ndipo ikanijia. Siku mbili watu wanamtafuta Biscuit kwa kupiga miluzi, kupiga makelele, magari yanapiga honi. Mbwa mwoga angefanya nini? Angejificha. Na mtu pekee ambaye yule mbwa anatoka mbio akimsikia, tumemfungia ndani ya nyumba. Nimemfungia mimi.

Nikalisogeza bakuli mbele yake.

Akalitazama kama nimemwekea nyoka. Akasema hapana. Akasema hawezi kugonga lile bakuli mbele ya watu waliokuja kumtafuta mbwa, ameshalifanya hilo mara moja maishani.

Nikamwambia, mzee, safari ile uliitwa umtoe umpe mnunuzi. Huyu ana mwenyewe, yupo nje analia. Nitakwenda na wewe, nitatangulia mimi.

Mwishowe akavaa koti, jua lile la mwezi wa saba, akavaa na tai. Akachukua bakuli.

Tukatoka mlango wa mbele.

Kulikuwa na watu kama ishirini na yule polisi mwanamke kasimama getini. Kelele zikapanda. Yule wa jezi akasogea. Nilikwenda moja kwa moja kwa polisi, nikasema maneno niliyokuwa nimeyakariri na Nyambura kule kanisani: mimi ndiye niliyesema, nilikosea Kiingereza, huyu mzee hafugi mbwa, hali mbwa, anamlisha Biscuit kila siku. Nikaongeza la kwangu, kwamba anaweza kumwita.

Polisi akaniuliza jina langu, akaandika. Akauliza naishi wapi, akaandika. Nikasubiri swali la tatu.

Hakuuliza. Akageuka akawaambia watu wanyamaze na wakae nyuma.

Mzee akaanza kutembea. Kila baada ya nyumba chache anasimama, anagonga, ko ko ko. "Nurongi." Kimya. Sisi nyuma yake, mimi, polisi, Sheila, na lile kundi lote, hakuna anayekohoa. Tukapita barabara ya kwanza, ya pili. Kijiko kinagusa bakuli hata asipotaka.

Nikaanza kuogopa upya. Kama mbwa asipopatikana, nimemtoa mzee ndani ya nyumba yake nikamkabidhi kwa hili kundi.

Nyuma ya nyumba za mwisho, karibu na mto mdogo, kulikuwa na mstari wa gereji za zamani za council, hazitumiki, milango imepigwa mbao. Akagonga. "Nurongi."

Kitu kikalia ndani.

Akagonga tena. Kutoka gereji ya tatu, chini, ukasikika mlio mwembamba na kucha zikiparura. Yule yule wa jezi aliyekuwa anapiga mlango wa mzee kwa ngumi ndiye aliyeng'oa mbao kwa mikono. Biscuit alikuwa amepita kwenye tundu la chini, kabati bovu likaangukia tundu likaziba. Alitoka amejaa vumbi, anachechemea, na hakwenda kwa Sheila. Alikwenda kwenye bakuli.

Mzee akaliweka chini na kurudi nyuma hatua tatu. Akampisha mwenyewe.

Sheila alipiga magoti akamkumbatia mbwa wake. Wengine walianza kuondoka wakitazama viatu vyao. Baadaye Sheila akainua uso akamuuliza mzee, "Unamwitaje? Lile neno maana yake nini?"

Mzee Pak akanigeukia mimi. Akasema, "Mwambie wewe. Wewe ndiye msemaji."

Wakuu, polisi ananitazama, Sheila ananitazama, wale waliobaki wananitazama. Nilikuwa nalo lile neno lote kichwani, na baiskeli yake na kizimba chake na supu yake.

Nikasema, "It means the yellow one."

Sheila akampangusa mbwa vumbi. Akasema, "Ndiyo. Ni wa njano kweli."

Mwisho wa siku hiyo.

Viza nilipata, hakuna aliyenifuatilia. Mlango tuliupaka rangi upya mimi na Mama Neema. Sheila alileta miche ya maua, akaipanda mwenyewe bila kuongea sana.

Lakini msidhani yaliisha hivyo tu. Jumatatu nilipopanda basi, Mzee Pak alikuwa ameweka begi lake kwenye siti ninayokaaga. Nikapita nikakaa nyuma. Jumanne hivyo hivyo. Ilikuwa hivyo wiki tatu nzima, na sikumlaumu.

Wiki ya nne, siku ya mvua, napanda nimelowa, namwona ananitazama. Akalichukua lile begi akalipakata.

Funzo langu ni dogo. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine, na hicho ndicho kinachouma zaidi. Ukiamua kusimulia habari za mtu, imalize, au usiianze.

Na wale wa uzi wa juzi, mkimcheka Mkorea kumbukeni kuna mtoto wa miaka kumi alipewa bakuli na kijiko.

Karibuni. Nani humu Kiswahili chake kiliwahi kumponza ugenini? Matusi pia napokea, nimeyachelewesha miaka mingi.